Mama wa Kitabuni

Mimi sikumwamini yule mwanamke tangu alipovuka kizingiti, wala sioni haya kusema. Mume wangu Evelio alikuwa ameshinda siku nyingi bandarini Mariel juu ya mashua ya kukodi, anasubiri serikali ya kule Cuba impe mama yake. Mwaka ule wa themanini nusu ya Wacuba wa Hialeah, mji wetu huku Marekani, walikuwa majini wanafuata ndugu zao. Akarudi amebabuka pua kwa jua, ananuka dizeli, na nyuma yake kasimama mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kavaa viatu vya kiume.

"Migdalia," akaniambia, "huyu ni mama."

Nikamtazama yule mwanamke. Nikaitazama picha iliyokuwa ukutani. Nikamtazama tena mwanamke. Ala!

Picha ile Evelio alikuja nayo Marekani akiwa na miaka kumi na moja, enzi zile wazazi wa Cuba, kwa kuiogopa serikali mpya, walipowapakia watoto kwenye ndege peke yao, wao wakabaki kule wakidhani watawafuata. Ndani yake kuna mama amekaa kwenye piano, shingo ndefu, vidole vyembamba, kageuza uso kidogo kama aliyeitwa. Kila mtu aliijua, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye jalada la kitabu. Evelio ni mshairi, na anafundisha fasihi chuo kikuu. Kitabu chake, Vidole vya Mama, Wamarekani walikipenda kufa. Kilimpatia kazi, kilimpatia jina, na mimi pia kilinipata. Alikuwa akinisomea mashairi yale garini tulipokuwa wachumba, ananitafsiria kwa Kihispania, nami mtengeneza nywele nisiye na kisomo nalia mpaka wanja unanichuruzika. Nilimpenda mama mkwe wangu kabla sijamwona. Nilijua anavyoonja wino wa kalamu, anavyopiga piano mvua ikinyesha, anavyonukia. Sasa naletewa huyu!

"Miaka kumi na tisa, Migdalia," Evelio akasema aliponiona nimeduwaa. "Watu hubadilika."

"Hubadilika, ndiyo. Lakini shingo haizami mabegani."

Akaingia kuoga. Mwanamke akabaki amesimama sebuleni, mkono mmoja kashika mkono mwingine. Nikamwambia akae. Akakaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa. Jina lake Domitila, na Evelio siku zote alinitajia Domitila, hapo sikuwa na la kusema. Lakini jina ni kitu gani? Jina mtu yeyote anaweza kupewa.

Hayo ya jina aliyaweka wazi jirani yangu Nélida, ambaye redio yake haizimwi hata akilala. Alivuka barabara kesho yake asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akachungulia dirishani, akanivuta uani.

"Shoga, umebambikiwa."

"Nani kasema?"

"Macho yangu yamesema. Wewe hujasikia? Mtu anakwenda Mariel kumchukua dada yake, wanamtilia mashuani wendawazimu wawili na jambazi mmoja, wanamwambia chukua au rudi mtupu. Na wengine si wendawazimu hata kidogo. Wengine wametumwa." Akanong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu na kuku. "Profesa, mshairi, anayeandikwa magazetini. Nyumba gani bora ya kuwekea sikio kuliko yako? Kikulacho ki nguoni mwako, Migdalia."

Nikamwambia aache upuuzi. Lakini maneno yakaniingia, yakakaa.

Nikaanza kumchunguza. Nilipopika wali wa maziwa wa kitabuni, ule wenye ganda la limau ambao mama alimpa Evelio kila Jumapili, Domitila alionja kijiko kimoja akasema, "Mtamu. Huu wanakula matajiri." Nilipomtajia maua ya dirishani ya kitabuni akaniuliza dirisha lipi. Mashine ya kufulia aliizunguka kama ng'ombe asiye wake, kisha akachukua nguo zetu zote akazifua kwa mkono nyuma ya nyumba, akatengeneza wanga wa muhogo, akapiga pasi mashati ya Evelio yakawa yanaweza kusimama yenyewe. Evelio aliyavaa bila kusema neno. Na mikono yake, toba! Vidole vinene, vyekundu, kucha zimeliwa. Hivyo ndivyo vidole vilivyoandikiwa kitabu kizima?

Jumapili moja baada ya misa nikangoja watu watoke, nikampeleka kwenye piano ya kanisa. "Haya, mama," nikamwambia kwa sauti tamu, "tupigie kidogo. Padri amekubali."

Akaitazama. Akanitazama. Kisha akatoa kitambaa mfukoni akaanza kuifuta vumbi. Alifuta juu, akafuta ubavuni, akapiga magoti akafuta miguu yake mmoja mmoja, mpaka zile pedali za shaba zikang'aa. Akasimama akipumua. "Imetunzwa vibaya," akasema.

Mpiga piano gani anaanza na miguu ya piano? Nilirudi nyumbani nimewaka, nikamfuata Evelio katika chumba chake cha vitabu, nikafunga mlango.

"Huyu si mama yako."

Alikuwa anasahihisha insha za wanafunzi. Hakuinua kichwa. "Usiseme hivyo."

"Nitasema nini basi? Piano haijui, maua hayajui, wali hajawahi kuuonja. Evelio, niambie ukweli, mimi mkeo. Ulipewa mtu mwingine kule?"

Kalamu yake ikasimama. Akajifuta paji la uso, akasema polepole, "Hata mimi sina hakika."

Tunamlaza nani chini ya paa letu? Na mtu gani asiye na hakika ya mama yake anamwacha mtu huyo ampigie pasi mashati, bila hata kumuuliza swali?

Tangu hapo nilifungia pochi yangu, na nikizungumza kwenye simu nazungumza mafumbo. Domitila aliona. Akaacha kuingia jikoni nikiwemo. Evelio naye akazidi kuniletea mashaka. Mgeni akibisha hodi, anamwambia Domitila akapumzike chumbani. Walimu wenzake walikuwa wanakufa kwa hamu ya kumwona mama wa kitabuni, hasa mkuu wa idara, Profesa Whitcomb, mwanamke mrefu mwenye lulu shingoni, ambaye alipiga simu kila wiki. "Bado anaumwa," Evelio anamjibu. Anaumwa! Mwanamke aliyekuwa anabeba ndoo mbili za maji kwa mkupuo!

Nilijua kwa nini ana wasiwasi, au nilidhani najua. Mwezi Novemba chuo kilikuwa kinapiga kura juu yake. Akipita, kazi ni yake maisha. Asipopita, anaondoka, na pale hakuna kati. Kura yote ilisimama juu ya kitabu kile. Nikajiambia, anaogopa aibu ya kubambikiwa mama feki mbele ya wasomi. Basi nitamsaidia. Nitapata ushahidi, tumpeleke huyu bibi kambini kwa wakimbizi wenzake, yaishe.

Na ushahidi niliujua ulipo. Kila mji wa Cuba una chama chake hapa, watu wa mji fulani na wa mji fulani, wanakutana bustanini wanachoma nguruwe na kuchagua malkia, utadhani hawajawahi kuondoka. Evelio anatoka Cruces. Tangu tuoane hajakanyaga hata siku moja mkutano wa watu wa Cruces. "Domino na majungu," husema, nami nilidhani ni maringo ya uprofesa. Nikajua watu wa Cruces watakuwa bustanini Jumapili ya kwanza ya Septemba. Nikamwambia Evelio nampeleka bibi kununua viatu.

Nilimvika gauni jipya. Bustani ilikuwa imejaa moshi na kelele, wazee wanagonga domino mezani, wanawake wanakata muhogo wenye kitunguu saumu, kila mmoja anamfokea mwenzake kwa mapenzi. Nikamshika Domitila mkono, nikampitisha katikati kama polisi na mwizi wake. Nikasema moyoni, leo leo, bibi wee.

Tulifika meza ya tatu. Mwanamke mmoja mnene aliyekuwa anajipepea na sahani ya karatasi akasimama ghafla, sahani ikamdondoka.

"Domitila! Bikira wa El Cobre, ni Domitila! Domitila wa kwa akina Ledesma!"

Wakakumbatiana. Wakalia, wakashikana nyuso, wakalia tena. Mimi nimesimama pale na pochi yangu.

"Unamfahamu?" nikauliza nilipopata nafasi.

"Nisimfahamu vipi!" Yule mwanamke jina lake Hortensia, mjane wa mwuza dawa wa Cruces. "Nguo zangu za arusi kazifua huyu. Alikuwa dobi wa Ledesma, wenye ile nyumba kubwa ya kona. Domitila, na mtoto? Yule Evelito mwenye masikio, aliyepandishwa ndege pamoja na watoto wa Doña Leonor? Aliishia wapi yule?"

Domitila akanitazama kwanza mimi, kisha akamjibu. "Yupo. Anafundisha."

"Na Leonor?"

"Tulimzika. Piano walikuja kuichukua na lori."

Nikatafuta pa kukaa. Ilikuwa kama mtu kanimwagia maji ya baridi kisha ya moto. Kumbe yule wa pichani ni Leonor, bibi mwenye nyumba. Piano ya Leonor, maua ya Leonor, wali wa Leonor. Na huyu niliyemfichia pochi, niliyekuwa nataka kumpeleka kambini, ndiye aliyemzaa mume wangu. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Halafu haya ikageuka hasira, na hasira ile haikuwa tena ya Domitila.

Garini sikuweza kuwasha injini. "Mama," nikamwambia, "mbona hukusema?"

"Kusema nini?"

"Kwamba ni wewe!"

"Nani aliniuliza?" Akanyoosha gauni magotini. "Wewe hukuniuliza, binti. Ulikuwa unanipima tu."

Hilo nilistahili, nikalimeza. Kisha nikamweleza kitabu. Nilimwambia shairi moja baada ya jingine, kadiri nilivyoyakumbuka, naye akasikiliza huku anatazama watoto wanaocheza mpira. "Ni Leonor huyo," akasema mara kwa mara. "Ndiyo, alikuwa anaonja kalamu. Huyo ni Leonor." Nilipomaliza akauliza, "Mimi simo?"

"Humo."

"Hata kidogo?"

Nikatikisa kichwa. Akapangusa kioo cha gari kwa kiganja, ingawa kilikuwa safi.

"Ameandika vizuri," akasema. "Ameona kila kitu. Nilikuwa namwambia akae kimya pale chini ya ngazi nikifua, asisumbue wenye nyumba. Kumbe alikuwa anatazama." Kisha akanigeukia. "Wakijua hao wa chuo, watamfanya nini?"

"Watamwona mwongo. Watamnyima kura."

"Basi wasijue."

Jioni ile Evelio nilimkamata uani, mashati yake yakiwa yameanikwa juu yetu. Nilimwambia nilikotoka na niliyemwona. Alikaa chini palepale kwenye saruji, profesa mzima.

"Leonor alitupatia picha yake ili ndugu yake atutambue uwanja wa ndege," akasema. "Ndugu hakuja. Mimi wakanipeleka Nebraska, nyumba ya watoto. Kila mtoto kule alikuwa na baba daktari na nyumba kubwa. Wakaniuliza, huyu ndiye mama yako? Nikasema ndiyo. Nilikuwa mtoto, Migdalia! Halafu nikaanza kuandika, na kila nikiandika anatoka yule. Nitarudi nyuma vipi?"

"Uongo wa mtoto nausamehe. Lakini mimi uliniambia huna hakika! Mwanamke amekuzaa, amekupigia pasi shati ulilovaa sasa hivi, unaniambia huna hakika! Ningemtupa njiani, Evelio. Ulikuwa unangoja nimtupe?"

Hakujibu. Na kutojibu kwake kuliniogopesha kuliko yote. Nilianza kumtazama mume wangu kama nilivyokuwa nikimtazama bibi: anapopiga simu, anapocheka, anaponiambia ananipenda. Mtu aliyenilisha mama wa karatasi miaka yote, kipi kingine kwake ni karatasi?

"Kura ikipita nitasema," akaniambia. "Naapa."

"Hapana. Mwezi ujao chuo kinakupa tuzo kwa kitabu chako. Mama anakuja. Utamtambulisha wewe, ama nitamtambulisha mimi."

"Nitamtambulisha," akasema. Nyuma ya mashuka, nikaona miguu ya Domitila imesimama karibu na beseni. Alikuwa amesikia yote.

Siku ya tuzo nilimtengeneza nywele mwenyewe. Nikamwosha, nikamsokota, nikampuliza mafuta mazuri, nikamwazima hereni zangu. Alijitazama kiooni akacheka akifunika mdomo. "Leo hata Leonor angenipisha njia," akasema, nami nikacheka, nikamkumbatia, na roho yangu kwa mara ya kwanza ikatulia. Nikasema leo itaisha. Tutapata hasara, tutahama, nitasuka nywele mchana na jioni, lakini itaisha.

Ukumbini palikuwa na mwanga wa alasiri na meza za jibini. Evelio alivaa shati lile lile la wanga, jeupe pe. Alikuwa anatoka jasho. Profesa Whitcomb akatujia na lulu zake, mikono kaifungua, akaanza kwa Kihispania chake cha darasani.

"Evelio, usiniambie! Hatimaye? Bibi huyu ndiye mama?"

Evelio akafungua mdomo. Namwapia kila mtu, aliufungua. Alitaka kusema, au alitaka kumeza mate, mpaka leo sijui, na sitajua kamwe. Kwa sababu Domitila alimtangulia.

"Hapana, bibi," akasema, akainamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea. "Mimi ndiye ninayewafulia nguo."

"Oh," Profesa Whitcomb akasema. Akampa mkono kwa adabu, akamsifia Evelio kwa kumleta, kwamba ni ukarimu, kisha akageukia watu wengine. Nikamkanyaga Evelio mguu. Sema! Sasa hivi, sema! Nilimtazama mpaka macho yakaniuma. Akachukua glasi ya maji, akanywa yote. Mtu akamwita jukwaani, akaenda.

Akasoma lile shairi la mvua. Lo, anajua kusoma mtu yule! Akasema kwenye kipaza sauti kwamba analitoa kwa mama yake, ambaye maradhi yangali yamemlaza kitandani. Wanawake wakatoa vitambaa. Profesa Whitcomb alilia waziwazi. Na pembeni yangu Domitila, ambaye hakuelewa hata neno moja la Kiingereza, alipiga makofi kuliko ukumbi mzima, mikono juu, ile mikono myekundu, mpaka watu wa mbele wakageuka kumtazama.

Tulirudi Hialeah jua likiwa bado juu. Evelio anaendesha, mimi kando yake, mama nyuma amepakata tuzo, ubao mzito wenye jina la mwanawe kwa herufi za dhahabu. Nilivumilia mpaka nikashindwa.

"Simamisha gari."

"Migdalia, tuko barabara kuu."

"Simamisha gari, nimesema!"

Akasimamisha kando. Magari yanatupita, gari letu linatikisika. Nikamgeukia. "Hapa hakuna Whitcomb. Hakuna kura. Tuko watatu. Geuka, umtazame, uniambie huyu ni nani."

Alishika usukani kwa mikono yote miwili. Mtu ambaye maneno ndiyo kazi yake, anayewafundisha wengine maneno, nilimwona anatafuta neno moja tu, na neno halitoki. Hakugeuka.

Kutoka nyuma ukaja mkono wa Domitila na kitambaa. Akampangusa jasho shingoni, taratibu, chini ya kola, asiharibu wanga.

"Mwache, binti yangu," akaniambia. "Mtoto amechoka."

Evelio akawasha gari, tukaenda.